Baharia Anapoumia Kazini: Nani Anawajibika, kwa Kiasi Gani na kwa Muda Gani

Baharia anayeumia au kuugua akiwa katika utumishi wa meli ana haki ya kutibiwa, kulipwa mshahara na kurejeshwa kwao kwa gharama ya mwenye meli, bila kulazimika kwanza kuthibitisha kuwa ajali ilitokana na uzembe wa mtu mwingine. Akipata ulemavu wa kudumu, au akifariki dunia, hufuata suala la fidia. Nani atailipa hutegemea aina ya chombo, bendera kinayopeperusha na mahali mwajiri alipo.

Kwa walioajiriwa katika meli za biashara zinazosafiri kimataifa, msingi wa haki hizo ni Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, uliopitishwa na Shirika la Kazi Duniani (ILO) na kuanza kutumika tarehe 20 Agosti, 2013. Kenya iliuridhia mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019. Wajibu wa mwenye meli huanza siku baharia anapoanza kazi na huendelea hadi atakapohesabiwa kuwa amerejeshwa kwao. Maadamu majeruhi yupo melini hulipwa mshahara kamili. Akishateremshwa na kurejeshwa kwao, hulipwa mshahara wote au sehemu yake, kama sheria ya nchi ya bendera au makubaliano ya pamoja yanavyoelekeza, hadi apone. Nchi inaruhusiwa kuweka ukomo wa malipo hayo na wa gharama za matibabu, lakini ukomo huo hauwezi kuwa chini ya wiki 16 tangu siku ya kuumia.

Sheria za nchi zinaweza kumwondolea mwenye meli wajibu katika mazingira machache: jeraha lililopatikana nje ya utumishi wa meli, jeraha au ugonjwa uliotokana na utovu wa makusudi wa baharia mwenyewe, na maradhi aliyoyaficha kwa makusudi alipoajiriwa. Ndiyo maana kusema kweli wakati wa kupimwa afya ni kinga ya baharia mwenyewe.

Marekebisho ya Mkataba huo yaliyoanza kutumika tarehe 18 Januari, 2017 yaliongeza jambo lenye uzito mkubwa. Mwenye meli anatakiwa kuwa na dhamana ya fedha, kwa kawaida bima, ya kulipia fidia ya kifo na ulemavu wa muda mrefu iliyoahidiwa katika mkataba wa ajira, na cheti cha dhamana hiyo hubandikwa melini mahali ambapo mabaharia wanaweza kukisoma. Fidia hiyo ilipwe yote na bila kuchelewa. Pale ambapo kiwango cha ulemavu hakijaweza kupimwa, malipo ya awali yatolewe ili majeruhi asitaabike akisubiri. Baharia, ndugu yake wa karibu au mwakilishi wake anaweza kuwasilisha dai moja kwa moja kwa mtoa dhamana.

Marekebisho hayo pia yanakataza baharia kushinikizwa kupokea kiasi kilicho pungufu ya kile cha mkataba wake. Katazo hili linahitaji kukaririwa, kwani majeruhi aliye kitandani, mbali na kwao, ni rahisi kuwekewa karatasi asaini kwamba ameridhika na hana dai jingine. Asisaini kabla ya kulinganisha kiasi anachopewa na kile kilichoandikwa katika mkataba wa ajira.

Hata hivyo, Mkataba huu hauvihusu vyombo vyote. Meli za uvuvi, vyombo vya jadi kama majahazi, na vyombo vinavyosafiri katika maji ya ndani ya nchi pekee haviguswi nao. Kwa pwani yetu na maziwa yetu, hao si watu wachache.

Kwa upande wa Tanzania Bara, kimbilio la wafanyakazi hao ni Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, inayosimamiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Michango hulipwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hapaswi kukatwa chochote. Mfuko hugharamia matibabu na hulipa asilimia 70 ya mshahara wa mwezi kwa ulemavu wa muda, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo, majeruhi hulipwa pensheni ya kila mwezi. Wategemezi wa marehemu nao wana mafao yao.

Mfanyakazi amjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo, naye mwajiri atoe taarifa kwa Mfuko ndani ya siku saba. Dai lisicheleweshwe zaidi ya miezi 12. Ugumu huwapata hasa wavuvi wanaolipwa kwa mgawo wa samaki bila mkataba wa maandishi, kwa sababu jambo la kwanza kuulizwa ni kama kulikuwa na ajira. Kumbukumbu za malipo, jina la nahodha, namba ya usajili wa chombo na mashahidi waliokuwa safarini huwa na thamani kubwa hapo.

Sheria hiyo haitumiki Zanzibar, ambayo ina sheria yake ya fidia. Anayefanya kazi katika boti za kati ya Dar es Salaam na Unguja ajue mapema mwajiri wake amesajiliwa upande gani.

Baharia wa meli ya kigeni anaweza kuwasilisha malalamiko kwa maofisa wa bandari yoyote ambayo meli yake imetia nanga, na utambulisho wake hutunzwa kwa siri. Kwa Tanzania Bara msimamizi ni Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na kwa Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar (ZMA). Aende na nakala ya mkataba wa ajira, ripoti ya daktari na nakala ya maelezo ya ajali yaliyoandikwa katika kitabu cha kumbukumbu za meli. Nakala nyingine ya mkataba iachwe nyumbani kabla ya safari, kwa ndugu atakayefuatilia iwapo mwenyewe hataweza.