Nundu za Milozi ya Adelaide

Mwenye kitalu cha miti ya matunda huigundua hasara hii siku ya kung'oa miche. Majani ni mabichi, shina limenyooka, lakini pale shina linapokutana na mizizi pametokeza nundu. Nyingine ndogo kama njegere, nyingine kubwa kama ngumi. Mche wa namna hiyo hauuziki. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, waotesha milozi na mipichi wa Australia Kusini hawakuwa na dawa ya kutegemewa.

Mhalifu alijulikana zamani. Mwaka 1907, Wamarekani Erwin Smith na Charles Townsend walithibitisha kuwa nundu huletwa na bakteria wa udongoni, ambaye baadaye aliitwa Agrobacterium tumefaciens. Hupenya penye jeraha: mzizi uliokatwa wakati wa kuhamisha mche, au gome lililochubuliwa na jembe. Akishaingia, hupachika kipande cha vinasaba vyake katika seli ya mmea. Seli hizo huanza kugawanyika ovyo, huku zikimpikia mgeni chakula kiitwacho opini, ambacho mmea wenyewe hauna haja nacho.

Katika Taasisi ya Waite, Chuo Kikuu cha Adelaide, Allen Kerr alikuwa akimchunguza bakteria huyo. Mwaka 1969 alionyesha kwamba ukorofi unaambukizwa: bakteria asiye na madhara, akikaa na mkorofi, huweza kugeuka mkorofi kama yeye. Kisha yeye na Peter New wakachunguza udongo wa mashambani. Waliona kuwa wakorofi na wapole huishi pamoja, na kwamba kinachoamua wingi wa miche inayougua ni uwiano kati ya makundi hayo mawili.

Basi kwa nini wapole wasiongezwe?

Mmoja wao, aliyepewa jina K84, alishinda wenzake wote. Mbegu au mizizi ilipochovywa katika maji yenye bakteria huyo kabla ya kupandwa, nundu zilipungua mno. Kufikia 1973, wenye vitalu wa Australia walikuwa wameanza kumtumia, ingawa hakuna aliyeweza kueleza sawasawa siri yake.

Siri hiyo ilifumbuliwa baadaye na wanakemia wa hapohapo Adelaide. K84 hutengeneza sumu, agrosini 84, inayofanana na aina mojawapo ya opini. Mkorofi ana mlango maalumu wa kuingizia chakula hicho, na sumu hupita mlango uleule. Tamaa yake ndiyo inayomponza. Hapo ikaeleweka pia kwa nini K84 hafui dafu kwenye mizabibu: wakorofi wengi wa huko hawana mlango huo.

Lakini maarifa hayo yalikuja na habari mbaya. Vinasaba vya kutengeneza sumu, pamoja na vile vya kujikinga nayo, vimo katika plasmidi, pete ndogo ya DNA inayoweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Mwaka 1979 watafiti wa Ugiriki waliripoti dalili kwamba kinga ya K84 ilikuwa ikishindwa: mkorofi akiipokea pete hiyo, sumu haimdhuru tena. Uhamaji ambao Kerr aliuona mwaka 1969 sasa uliitishia dawa yake mwenyewe.

Watafiti waliikata sehemu ya plasmidi inayowezesha uhamaji. Bakteria mpya, K1026, alielezwa katika jarida la kisayansi mwaka 1988, akawa miongoni mwa viumbe wa kwanza waliobadilishwa vinasaba kuuzwa kwa matumizi ya mashambani. Mwaka 1990 Kerr alipewa Tuzo ya Australia pamoja na Eugene Nester na Jozef Schell.

Kazi ya kitaluni haikubadilika: ni kuchovya tu. Mche uliokwisha kuota nundu hauponywi na K84 wala K1026, kwa hiyo mpole lazima alifikie jeraha kwanza, katika muda ule mfupi baada ya mkasi kukata mzizi na kabla mzizi haujagusa udongo.