Ganzi ya Mgongo kwa Watoto na Hofu ya Kudhuru Neva

Ganzi ya epidurali, yaani dawa inayoingizwa kwa sindano nje kidogo ya utando mgumu unaofunika ugwe mgongo, ilianzia Paris mwaka 1901, Jean-Athanase Sicard na Fernand Cathelin walipoipitisha, kila mmoja kivyake, chini kabisa ya mgongo. Meredith Campbell wa New York alieleza mwaka 1933 jinsi alivyoitumia kwa watoto, lakini haikuenea upesi.

Hofu ya kupooza iliongezeka baada ya tarehe 13 Oktoba 1947, pale wanaume wawili wazima, Albert Woolley na Cecil Roe, walipopooza miguu katika hospitali ya Chesterfield, Uingereza, baada ya ganzi ya uti wa mgongo, ambayo sindano yake huingia ndani kuliko ile ya epidurali. Mahakama ilikubali kwamba fenoli, dawa ya kuua vijidudu ambamo vichupa vya ganzi vilihifadhiwa, ilipenya kupitia nyufa zisizoonekana. Baadaye wataalamu wengine walishuku mabaki ya asidi ya kusafishia vyombo. Vyovyote iwavyo, madaktari wengi wa Uingereza waliiacha ganzi hiyo kwa miaka mingi.

Kwa mtoto hatari ina sura yake. Ugwe wa mtu mzima huishia kwa kawaida kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, ilhali wa mtoto mchanga hufika karibu na ya tatu, na kina cha kuifikia nafasi ya epidurali hukadiriwa kuwa milimita 1 tu kwa kila kilo ya uzito. Zaidi ya hayo, mtu mzima aliye macho hulalamika sindano inapogusa neva, lakini mtoto huchomwa akiwa amelazwa kwa nusukaputi, kwa kuwa akiwa macho angefurukuta, na kufurukuta huko nako ni hatari. Hivyo onyo muhimu kuliko yote hukosekana, na hili ndilo lililozua mabishano mazito.

Sauti hiyo iliyokosekana ilibidi ifidiwe kwa hesabu. Ukaguzi uliofanywa Uingereza kati ya 2001 na 2005 ulifuatilia epidurali 10,633 za watoto, ukakuta matukio 96, matano yakiwa mazito, na mtoto mmoja akiwa bado na athari baada ya mwaka mzima. Kwa kutegemea hesabu za namna hiyo, wataalamu wa Ulaya na Marekani waliafikiana mwaka 2015 kwamba kumchoma mtoto aliyelala ni salama kiasi cha kukubalika.