Urubani: Mambo ya kupima kabla ya kuuza shamba kulipia karo

NDEGE ndogo za mafunzo huonekana mara kwa mara katika anga ya Kitengela na nyanda za Kaunti ya Kajiado. Nyingi hutoka Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, na baadhi huelekea kiwanja cha Orly kilichomo ndani ya kaunti hiyo, ambako wanafunzi hurudia kutua na kupaa hadi mikono izoee. Si ajabu basi kwamba vijana wengi wa eneo hilo, waulizwapo watakuwa nani, hujibu bila kusita: rubani.

Hata hivyo, safari ya kutoka ndoto hadi usukani ni ndefu na ya gharama kubwa. Mafunzo ya kumfikisha mwanafunzi katika leseni ya biashara huzidi Sh2 milioni, na kwa familia nyingi za Kajiado mali pekee inayoweza kutoa fedha hizo kwa mkupuo ni ardhi. Kwa hivyo uamuzi huu si wa kijana peke yake, bali ni wa nyumba nzima.

Ngazi za leseni

Kazi ya urubani nchini husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege (KCAA), iliyoundwa mwaka 2002. Viwango vyake hufuata vile vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO).

Ngazi ya kwanza ni leseni ya rubani wa kibinafsi. Mwombaji huwa ametimiza umri wa miaka 17 na, kwa kawaida, saa 40 za kuruka. Leseni hii humruhusu kurusha ndege, lakini si kwa malipo.

Ya pili ni leseni ya biashara, ambayo ndiyo mlango wa ajira. Mwombaji huwa na umri wa miaka 18 au zaidi na saa 200 za kuruka, au 150 iwapo amefuata kozi moja kamili iliyoidhinishwa. Wengi huongeza idhini ya kurusha ndege za injini mbili na ile ya kuruka kwa kutegemea vifaa pekee, bila kuona nje.

Ngazi ya juu ni leseni ya rubani wa mashirika ya uchukuzi, inayohitaji umri wa miaka 21 na saa 1,500. Bila hiyo, mtu hawezi kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria.

Afya kwanza, karo baadaye

Kosa linaloweza kuigharimu familia pakubwa ni kulipa karo kabla ya mwanafunzi kupimwa afya. Rubani wa biashara sharti awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza kutoka kwa daktari aliyeidhinishwa na KCAA. Daktari huchunguza macho, masikio, moyo, mishipa ya fahamu na hali ya akili. Kuvaa miwani si kizuizi ikiwa miwani hiyo inarekebisha uoni hadi kiwango kinachotakiwa, lakini kushindwa kutofautisha rangi kunaweza kuifunga njia ya mtu.

Uchunguzi huo hurudiwa kila mwaka, na mara mbili kwa mwaka umri unaposonga. Maana yake ni kuwa ugonjwa mmoja waweza kumsimamisha rubani kazi hata baada ya miaka mingi.

Kwa upande wa masomo, shule nyingi hutazama alama za Hisabati, Fizikia na Kiingereza katika mtihani wa KCSE. Kiingereza kina uzito wake kwa sababu ICAO hudai rubani wa safari za kimataifa afikie angalau kiwango cha nne kati ya sita katika lugha ya mawasiliano ya anga.

Hesabu ya ardhi

Ranchi ya jamii ya Kitengela iligawanywa kwa wanachama wake mwaka 1988. Tangu hapo vipande vingi vimeuzwa, na malisho ya mifugo yakapungua. Ukame uliomalizika mwaka 2023 uliua ng'ombe wengi Kajiado na kuzidisha unyonge wa familia zinazotegemea ufugaji. Ekari ikishauzwa hairudi, ilhali leseni isiyotumika hupoteza uhalali wake.

Sheria nayo ina neno. Uuzaji wa ardhi ya kilimo huhitaji idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi, na mali ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mume au mke.

Familia iliyoamua kuendelea yafaa ilipe kwa awamu, kulingana na saa zilizokwisha kurushwa. Fedha zote zikitangulia, shule ikikosa ndege au ikifungwa, mwanafunzi hubaki na risiti tu. Mali bila daftari hupotea bila habari: mzazi aweke hesabu ya malipo, naye mwanafunzi ajaze kitabu chake cha saa kila atuapo.

Kabla ya kujiandikisha, ni busara kuuliza iwapo shule ina cheti halali cha KCAA, ina ndege ngapi zinazoruka na walimu wangapi. Pia inafaa kulipia safari moja ya majaribio. Wapo wanaogundua humo humo angani kwamba hawaipendi kazi hii, na hasara hiyo ni ndogo.

Usalama pia usisahauliwe. Machi 5, 2024 ndege ya mafunzo aina ya Cessna 172 iligongana na ndege ya abiria juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Watu wawili waliokuwa katika ndege hiyo ndogo walifariki, huku ile ya abiria ikifanikiwa kutua.

Baada ya leseni

Mwenye saa 200 haajiriwi kwa urahisi. Baadhi huwa walimu wa wanafunzi wapya ili wakusanye saa. Wengine huanzia kwenye ndege ndogo za kupeleka watalii Amboseli na Maasai Mara, au za mizigo kama vile miraa. Kapteni Irene Koki Mutungi, aliyeanzia Wilson na kuendelea na masomo Oklahoma, Marekani, alijiunga na Kenya Airways mwaka 1995. Ilikuwa mwaka 2014 alipotambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa kapteni wa Boeing 787. Kati ya matukio hayo mawili ni miaka 19.

Soko lenyewe hutikisika. Mwaka 2020, janga la corona lilisimamisha safari za ndege na marubani wengi duniani wakapoteza kazi.

Kwa asiye na uwezo wa karo, milango mingine ipo. Jeshi la Wanahewa hufunza marubani wake kwa gharama ya serikali, nao hulitumikia. Chuo cha anga kilichoko Embakasi hufunza kazi nyingine za sekta hii, ikiwemo kuongoza ndege. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya kina masomo ya uhandisi wa ndege. Kazi hizi huweka mtu karibu na ndege, na baadhi ya watu hutumia mshahara wake kujilipia urubani polepole.

Kijana aliyepita uchunguzi wa afya, akaonja safari ya majaribio, na ambaye familia yake inaweza kulipa bila kubaki mahali pasipo malisho wala makao, ana sababu ya kuanza. Aliyekosa mojawapo ya hayo hajanyimwa anga. Heri angoje mwaka mmoja au miwili ajipange, kuliko kuuza shamba leo na kukwama akiwa na saa 60 kitabuni.