Trento: nani alikaa na muhtasari?

Ukishatumwa na mhariri kuripoti vikao viwili vitatu, unajifunza kuuliza mambo mawili: nani anapanga ajenda, na nani anakaa na muhtasari? Wiki hii nimekuwa nikisoma habari za Mtaguso wa Trento (1545 hadi 1563) nikiwa na maswali hayo hayo.

Tunaambiwa Trento ilimjibu Luther. Ni kweli. Ila kuna swali ambalo maaskofu wale hawakulitolea uamuzi: mtaguso uko juu ya Papa au chini yake?

Swali hilo lilikuwa bichi. Mwaka 1415, watu watatu wakigombea kiti cha Papa, Mtaguso wa Konstanz ulitangaza kwamba mamlaka yake yanatoka moja kwa moja kwa Kristo, na hata Papa anapaswa kuutii. Mwaka 1460 Papa Pius II akapiga marufuku kukata rufaa kwenye mtaguso. Luther akaikata hiyo rufaa mwaka 1518, halafu mwaka uliofuata, kule Leipzig, akasema hata mitaguso inaweza kukosea! Wanateolojia Wakatoliki wakabanwa kotekote. Ukiukweza mtaguso unamshusha Papa, ukiushusha unampa Luther hoja.

Pale Trento ajenda ilikuwa mikononi mwa wajumbe wa Papa, na maaskofu wa Hispania walilalamika sana. Ukazuka mzaha kwamba Roho Mtakatifu anafika Trento ndani ya mkoba wa tarishi kutoka Roma. Mzaha mchungu, lakini barua kweli zilikuwa zikienda na kurudi.

Januari 1564 Papa Pius IV aliyathibitisha maamuzi yote, kisha akakataza mtu yeyote kuchapisha ufafanuzi wake bila kibali. Mwenye shaka aulize Roma. Kwangu mimi hapa ndipo swali lilipojibiwa kimyakimya, maana mwenye haki ya kufafanua maneno ya kikao ndiye mwenye kikao. Baadaye Mjesuiti Roberto Bellarmino alifundisha kwamba kinachomfunga muumini ni amri yenyewe ya mtaguso, si mijadala wala hoja zilizoizaa. Hoja nzuri, na ilifaa sana wakati mijadala yenyewe imefungiwa kabatini.

Mtawa wa Venezia, Paolo Sarpi, hakuridhika. Alifanya tunachofanya waandishi tukinyimwa nyaraka: akawatafuta waliokuwepo, akiwemo aliyekuwa balozi wa Ufaransa kule Trento. Kitabu chake kilichapwa London mwaka 1619 kwa jina la kubuni. Kina chuki, sikatai. Roma ilimjibu mwaka 1656 kupitia Mjesuiti Pallavicino, ambaye yeye alifunguliwa kabati.

Mwaka 1682 maaskofu wa Ufaransa walikuwa bado wanasema Konstanz ina nguvu. Mtaguso wa kwanza wa Vatikano ukaufunga mjadala mwaka 1870, kwa upande wa Papa. Nyaraka za Trento zilianza kuchapwa kwa mpangilio kamili mwaka 1901, miaka 338 baada ya kikao cha mwisho.