Haki ya afya kwa watu wenye ulemavu nchini Tanzania

Haki ya afya kwa watu wenye ulemavu nchini Tanzania ni haki ya kila mtu mwenye ulemavu kupata huduma za kinga, tiba na utengamao bila kubaguliwa, kwa kiwango kilekile wanachopewa watu wengine, pamoja na huduma za ziada anazohitaji kwa sababu ya ulemavu wake. Haki hiyo inatokana hasa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotumika Tanzania Bara, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Zanzibar ina sheria yake, kwa kuwa afya na ustawi wa jamii si mambo ya Muungano.

Kadiri ya sensa ya mwaka 2022, watu wenye ulemavu walikuwa asilimia 11.2 ya watu wote wenye umri wa miaka 7 na zaidi. Katika sensa ya mwaka 2012 walikuwa asilimia 9.3.

Maana na istilahi

Sheria ya mwaka 2010 haiutazami ulemavu kama ugonjwa tu. Ulemavu unatokea pale ambapo upungufu wa mwili, akili au milango ya fahamu unakutana na vikwazo vya jamii, hata mtu akashindwa kushiriki sawa na wenzake. Mtu asiyeweza kutembea anazuiwa na ngazi za hospitali kuliko anavyozuiwa na miguu yake. Penye mteremko wa kupitisha kiti cha magurudumu, kizuizi hicho hakipo tena.

Lugha nayo imebadilika. Maneno ya zamani kama kilema, kiwete na kipofu yamo katika ngeli ya KI-VI, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya vitu. Siku hizi katika maandishi rasmi husemwa "mtu mwenye ulemavu", "asiyeona" na "mtu mwenye ualbino". Neno "kiziwi" limebaki, kwa kuwa viziwi wenyewe wanalitumia katika jina la chama chao, Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA).

Historia

Wakati wa ukoloni huduma nyingi kwa watu wenye ulemavu zilitolewa na misioni, na wagonjwa wa akili waliwekwa katika hospitali maalumu kama Mirembe huko Dodoma, iliyoanzishwa mwaka 1927. Baada ya uhuru watu wenye ulemavu walianza kuunda vyama vyao. Chama cha Wasioona Tanzania kilianzishwa mwaka 1964.

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 1981 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu wenye Ulemavu. Mwaka uliofuata Bunge la Tanzania lilitunga sheria mbili: moja kuhusu ajira na nyingine kuhusu matunzo. Sheria ya matunzo iligawa wajibu kati ya familia, serikali za mitaa, serikali kuu na mashirika ya hiari. Zote mbili zilimwangalia mtu mwenye ulemavu kama mtu wa kutunzwa zaidi kuliko mtu mwenye haki ya kudai.

Mtazamo ulianza kugeuka miaka ya 1990. Mwaka 1992 vyama mbalimbali viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu Tanzania (SHIVYAWATA). Mwaka 2004 serikali ilitoa Sera ya Taifa ya Maendeleo na Huduma kwa Watu Wenye Ulemavu. Hatimaye sheria ya mwaka 2010 ilifuta zile mbili za mwaka 1982. Tangu mwaka 2015 masuala ya watu wenye ulemavu yamewekwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu.

Misingi ya kisheria

Katiba

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inasema katika ibara ya 12 na ya 13 kwamba binadamu wote ni sawa, tena ni sawa mbele ya sheria. Hata hivyo ulemavu hautajwi kwa jina kati ya misingi ya ubaguzi inayokatazwa na ibara ya 13(5).

Ibara ya 11 inaitaka mamlaka ya nchi kuweka utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Lakini ibara hiyo imo katika sehemu ya malengo ya msingi ya mwelekeo wa serikali, na ibara ya 7(2) inaeleza kwamba sehemu hiyo haitekelezwi kwa nguvu ya mahakama. Ndiyo sababu sheria zilizotungwa na Bunge zina uzito mkubwa katika jambo hili: kile ambacho Katiba inakitaja kama lengo, sheria inaweza kukifanya kiwe wajibu.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010

Kuhusu afya, sheria hii inatamka kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata huduma za afya bila ubaguzi. Inamtaka waziri mwenye dhamana, kwa kushauriana na waziri wa afya, achukue hatua ili huduma hizo zipatikane, zikiwemo za utengamao, yaani za kumrudishia au kumjengea mtu uwezo wa kuishi na kufanya kazi.

Sheria iliunda pia Baraza la Taifa la Ushauri, Mfuko wa Taifa wa Watu Wenye Ulemavu na kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji au mtaa. Inataka watu wenye ulemavu waorodheshwe, majengo ya umma yafikike, na taarifa zitolewe kwa njia wanazozielewa, kama vile lugha ya alama na maandishi ya nukta nundu.

Sheria nyingine

- Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inasimamia namna mtu mwenye matatizo ya akili anavyopokewa, kutibiwa na kuruhusiwa kutoka hospitalini.
- Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtendea mtoto mwenye ulemavu kinyume cha utu wake, na inampa haki ya matunzo maalumu, matibabu na utengamao.
- Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasamehe ushuru kwa vifaa vilivyotengenezwa maalumu kwa matumizi ya watu wenye ulemavu.
- Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inalenga kila mkazi awe na bima, na inaweka mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo.

Mikataba ya kimataifa

Mkataba wa Umoja wa Mataifa ulipitishwa tarehe 13 Desemba 2006 na kuanza kutumika tarehe 3 Mei 2008. Ibara ya 25 inazitaka nchi wanachama zitoe huduma za afya zilezile na za ubora uleule kwa wote, zitambue ulemavu mapema, zipeleke huduma karibu na makazi ya watu hata vijijini, zihakikishe kwamba tiba inatolewa kwa ridhaa ya mgonjwa mwenyewe, na zikataze ubaguzi katika bima. Ibara ya 26 inahusu utengamao.

Barani Afrika, Itifaki ya Haki za Watu wenye Ulemavu ilipitishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2018 na kuanza kutumika mwaka 2024.

Gharama na misamaha

Huduma za serikali zilikuwa bure hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, utaratibu wa kuchangia gharama ulipoanza. Pamoja nao yaliwekwa makundi ya msamaha: wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wagonjwa wa maradhi kama kifua kikuu, na wazee wasio na uwezo.

Watu wengi hudhani kwamba ulemavu peke yake unatosha kumpa mtu matibabu ya bure. Sivyo. Kwa kawaida mtu mzima mwenye ulemavu husamehewa ikiwa atathibitishwa kuwa hana uwezo wa kulipa. Uthibitisho huo huanzia kwa uongozi wa kijiji au mtaa na hukamilishwa na afisa ustawi wa jamii. Asiyejua utaratibu huo hufika dirishani bila barua, naye hutakiwa alipe kama wengine.

Njia nyingine ni bima. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza na watumishi wa umma. Mfuko wa Afya ya Jamii ulikusudiwa wananchi wa vijijini. Ulipoboreshwa, kaya ya watu wasiozidi sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka.

Hata aliyesamehewa au mwenye kadi hubaki na gharama zisizoandikwa popote: nauli yake, nauli ya anayemsindikiza, chakula na malazi ya siku za kusubiri, na siku za kazi zinazopotea.

Huduma maalumu

Huduma za kibingwa zimekusanyika katika miji michache. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) ya Dar es Salaam hutibu majeraha ya mifupa na ya uti wa mgongo, pamoja na watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi. Hospitali ya CCBRT, pia ya Dar es Salaam, inajulikana kwa matibabu ya macho, mguu kifundo, midomo sungura na fistula. Mjini Moshi, karibu na hospitali ya KCMC, kuna chuo cha TATCOT kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho hufundisha mafundi sanifu wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. Moshi pia hutengenezwa mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao wako katika hatari kubwa ya saratani ya ngozi.

Muda una thamani kubwa katika matibabu hayo. Mtoto mwenye mguu kifundo akianza kufungwa plasta wiki chache baada ya kuzaliwa, kwa kawaida mguu hunyooka bila upasuaji mkubwa. Akicheleweshwa miaka, kazi ileile huwa ngumu na ya gharama zaidi. Kwa hiyo haki ya kutambuliwa mapema hutegemea sana mkunga na mhudumu wa afya wa kijijini.

Utekelezaji vijijini: mfano wa Wilaya ya Kilosa

Wilaya ya Kilosa katika Mkoa wa Morogoro, yenye majimbo ya uchaguzi ya Kilosa na Mikumi, inaonyesha umbali uliopo kati ya sheria na mtu. Msowero ni kata ya wakulima na wafugaji kaskazini mwa mji wa Kilosa, upande wa barabara iendayo Dumila. Mgonjwa wa huko akihitaji huduma isiyopatikana karibu, hupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya mjini Kilosa, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Morogoro, na kwa viungo bandia au upasuaji wa uti wa mgongo hufika hadi Dar es Salaam. Upande wa kusini, wakazi wa Mikumi wana pia Hospitali ya Mtakatifu Kizito ya Kanisa Katoliki.

Wilaya hiyo ina mito mingi na hukumbwa na mafuriko, hasa yale ya kuanzia Desemba 2009 hadi Januari 2010 yaliyowaacha maelfu ya watu bila makazi. Barabara ikikatika, anayetumia kiti cha magurudumu au baiskeli ya miguu mitatu huwa wa kwanza kukwama.

Kilosa ni pia mojawapo ya maeneo ya Tanzania yenye usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo wanaozaliana kwenye maji yaendayo kasi na ambao unaweza kupofusha. Dawa ya ivermektini hutolewa kwa jamii nzima mara kwa mara ili kuuzuia. Katika mkoa huohuo, huko Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mnamo mwaka 1960, na utafiti wa baadaye umehusisha wingi wa kifafa huko na usubi. Hapo kinga ya ugonjwa ni kinga ya ulemavu.

Vikwazo

Vikwazo vinavyotajwa mara nyingi ni hivi:

- Majengo: ngazi, milango myembamba, vyoo visivyoingilika, na vitanda vya kujifungulia vilivyo juu mno kwa mwanamke asiyeweza kusimama.
- Mawasiliano: wakalimani wa lugha ya alama ni wachache. Kiziwi hulazimika kuja na ndugu, hata mtoto wake, na hivyo siri ya ugonjwa wake hujulikana nyumbani kabla hajaijua yeye vizuri.
- Mtazamo: mhudumu huongea na msindikizaji badala ya mgonjwa, au humshangaa mwanamke mwenye ulemavu anayekuja kliniki akiwa mjamzito.
- Vifaa saidizi: viti vya magurudumu, shime sikio na miguu bandia vina bei kubwa, tena vinahitaji kurekebishwa na kubadilishwa, hasa kwa mtoto anayekua.

Namna ya kudai haki

Mtu aliyenyimwa huduma huweza kuanza kwa mganga mfawidhi wa kituo husika, kisha kwa afisa ustawi wa jamii au mganga mkuu wa wilaya. Kamati ya watu wenye ulemavu ya kijiji au kata inaweza kumsemea. Asiporidhika, anaweza kupeleka malalamiko bure katika Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawawezesha wasio na uwezo kupata ushauri na uwakilishi bila malipo.

Ibara ya 30(3) ya Katiba inaruhusu pia kufungua shauri Mahakama Kuu. Marekebisho ya mwaka 2020 yalimtaka anayefungua shauri la namna hiyo aeleze kwa kiapo jinsi alivyoathirika yeye binafsi. Sharti hilo lilifanya iwe vigumu zaidi kwa vyama kushtaki kwa niaba ya wanachama wao.

Nchi jirani

Kenya ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2003, ikaiweka mpya mwaka 2025. Katiba yake ya mwaka 2010 inataja haki za watu wenye ulemavu katika ibara ya 54. Uganda ilitunga sheria mwaka 2006 na kuibadilisha kwa sheria nyingine mwaka 2020. Zanzibar ilitunga sheria yake ya kwanza ya aina hiyo mwaka 2006, miaka minne kabla ya Bara.

Tazama pia

- Wilaya ya Kilosa
- Msowero
- Ualbino
- Lugha ya alama
- Bima ya afya