Padri Martin Schmid, mwalimu wa muziki wa Chiquitos

Padri akiondoka katika misioni, nyimbo alizofundisha zitabaki? Habari za Padri Martin Schmid zatujibu.

Alizaliwa mwaka 1694 huko Baar, katika nchi ya Uswisi. Mwaka 1717 aliingia Shirika la Yezu, na mwaka 1726 akapata upadri. Mwaka 1730 alifika kwa Wachiquitos, katika nchi inayoitwa leo Bolivia. Watu hao walikaa katika misioni za Wayezuiti, zilizowakinga na wawinda watumwa waliotoka upande wa Brazil.

Wakubwa wake walimwagiza kuingiza muziki katika misioni. Ulaya ilikuwa mbali. Basi Padri mwenyewe akashika msumeno na randa, akatengeneza vinanda vya kanisa, fidla na vinubi kwa miti ya msitu. Katika barua ya mwaka 1744 alisimulia kwa furaha kwamba yeye huimba, hupiga kinanda, filimbi, tarumbeta na vyombo vya nyuzi. Tena alitunga nyimbo, akajenga makanisa ya San Rafael, San Javier na Concepción, kati ya mwaka 1747 na 1755.

Lakini angalieni jambo lililo kubwa kuliko hayo yote: ufundi huo hakuuficha. Aliwafundisha vijana wa Chiquitos kusoma noti, kuzinakili, kupiga vyombo na kuvitengeneza wao wenyewe. Waliimba kwa Kilatini na Kihispania, na kwa lugha ya mama zao pia.

Mwaka 1767 Mfalme Carlos III wa Hispania aliamuru Wayezuiti wote wafukuzwe. Padri Schmid, mzee wa miaka zaidi ya 70, akarudishwa Ulaya, akafa Luzern mwaka 1772. Nani angeendesha kazi? Wanafunzi wake! Walipiga, wakanakili, wakawarithisha watoto wao. Mwaka 1972 Hans Roth, naye mtu wa Uswisi, alianza kutengeneza upya makanisa yale ya zamani. Ndipo zilipopatikana kurasa za muziki zaidi ya 5,000, ambazo wenyeji walikuwa wamezitunza miaka mia mbili.

Ninyi makatekista na waseminari mnaoongoza waimbaji, fahamuni neno hili: mwalimu anayeshika kinanda peke yake, siku ya kuondoka kwake kinanda kitanyamaza. Wapeni wengine ufunguo.