Hukumu ya Sindano ya Kunyoosha Pua

Tumeulizwa mara nyingi kuhusu sindano ya kuficha kinundu cha pua.

Sindano hii haiondoi kinundu. Hupigwa ute mzito, aghlabu wa asidi ya hayaluroniki, juu na chini yake, ili pua ionekane imenyooka. Baada ya miezi kadhaa ute huyeyuka. Na hatari ipo: ukiingia kwenye mshipa wa damu, ngozi huweza kufa, au mtu akapofuka.

Kisheria tunatenganisha hali mbili:

1. Kasoro ya ajali, maradhi au maumbile yasiyo ya kawaida. Kuitengeneza inajuzu kwa sharti la usalama. Mtume (S.A.W.) alimuamuru Arfaja bin As'ad (R.A.), aliyepoteza pua vitani, avae pua ya dhahabu.

2. Pua ya kawaida, yenye kinundu cha ukoo. Kuibadilisha kwa urembo tu haijuzu, kwa Hadithi ya Ibn Mas'ud (R.A.) ya kulaaniwa wanaochonga mianya ya meno kutafuta uzuri. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, Putrajaya, Malaysia, 2007, iliamua vivyo hivyo.

Wazazi wenzetu, tusiwatanie watoto pua zao. Chuki hiyo mara nyingi huanzia nyumbani.

Wallahu a'alam.